Sufuria ya Mtu Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Kijana Anayetoka Makao ya Watoto Kujilisha

Ukizungumza na walezi wa makao ya watoto hapa Uganda, iwe Jinja, Mbale au Arua, malalamiko ni yale yale. Kijana amefundishwa vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili, anavitaja vyote bila kukosea. Anahamia muzigo wake, yaani chumba chake cha kupanga, na kabla mwezi haujaisha anaishi kwa chapati na chai ya rangi, jina lake limo kwenye daftari la deni dukani, na mkaa wote umeteketea kwa kuchemsha maharagwe ambayo mwishowe hayakuiva.

Tunamfundisha lishe kijana ambaye kinachomshinda si lishe. Kinachomshinda ni kwamba hajawahi kupika chakula cha mtu mmoja. Jikoni mwa makao kuna sufuria ambayo mtoto mdogo angeweza kuogea, kuna kuni, kuna mpishi anayelipwa, na unga unaingia kwa magunia. Kijana amechambua maharagwe na kuosha masahani miaka nenda rudi, lakini hajasimama sokoni na pesa ndogo mkononi akaamua: leo nyanya au mafuta? Aliyelelewa na familia walezi huwa ameona zaidi kidogo, maana ametumwa dukani. Naye lakini ametumwa huku bei na kiasi ameshaambiwa. Uamuzi haukuwa wake.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na moto na pesa. Lishe inakuja katikati, kijana akishakuwa na sufuria ya kuiweka. Sheria ya Uganda inamhesabu mtu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18, na makao mengi huanza kuzungumzia kuondoka siku hiyo ikibisha hodi. Ukiweza, anza akiwa na miaka 16. Ukishachelewa, jipe angalau miezi mitatu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Vifaa viwe vile vile atakavyohama navyo. Ukimfundishia kwenye jiko la gesi la ofisi kisha ukamkabidhi sigiri, yaani jiko la mkaa, hujamfundisha.

- Sigiri moja ndogo, na mkaa wa kununua kwa kopo, si kwa gunia
- Sufuria mbili zenye mifuniko: moja ya lita moja na nusu hivi, nyingine ya lita tatu
- Mwiko, kisu kimoja kikali, ubao wa kukatia, sahani, kijiko
- Kikombe kimoja cha robo lita ambacho ndicho kipimo chake siku zote
- Jerikeni mbili: ya maji ya kunywa na ya maji ya kazi, zenye alama tofauti
- Makopo matano yenye mifuniko inayobana: unga, maharagwe, mukene (dagaa), chumvi, karanga
- Kikapu kirefu na matambara au majani makavu ya migomba ya kukijazia (matumizi yake yako Hatua ya 2)
- Daftari na kalamu
- Pesa taslimu. Hili halina mbadala. Kama makao hayawezi kutoa pesa ya chakula cha kijana mmoja kwa wiki moja, ahirisha mafunzo mpaka iwezekane.

Mfundishe kijana mmoja, au wawili, wasizidi watatu. Wakiwa kumi, mmoja atapika na tisa watapiga gumzo. Na wavulana wasisamehewe: wao ndio wanaoangukia chapati haraka zaidi, kwa sababu tangu utotoni waliambiwa jikoni si kwao.

## Hatua ya 1: Mpe sufuria, kaa kimya

Kabla ya somo lolote, mpe unga, maharagwe, vitunguu, nyanya, mafuta, chumvi, sigiri na kibiriti. Mwambie ajipikie chakula chake cha mchana. Wewe kaa pembeni na daftari, usimwelekeze, labda tu anapotaka kujiunguza.

Andika: mkaa aliweka kiasi gani? Alifunika sufuria? Aliosha mikono lini? Posho (ugali) ilitosha watu wangapi? Kwa kawaida utaona mkaa wa kupikia ukoo mzima, sufuria wazi, na posho ya watu wanne.

Kwa nini: hutapoteza muda kumfundisha anachokijua. Wapo wasichana waliosaidia jikoni ambao wanahitaji soko tu. Wapo ambao hawajawahi kuwasha moto.

Tahadhari: usicheke, na usiwaite wengine waje waone. Kijana aliyeaibika jikoni mara moja hutafuta kila sababu ya kutorudi.

Umefaulu ikiwa: una orodha fupi ya mambo matatu au manne ya kuanzia, na yeye mwenyewe anayakubali.

## Hatua ya 2: Moto kabla ya mapishi

Kwa kijana wa mjini anayejitegemea, mkaa unaweza kumla pesa kuliko mboga. Akijua kuubana, chakula kinabaki na nafasi.

Mfundishe kuwasha sigiri nje, kungoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo sufuria ipande. Mkaa upimwe kwa kopo na kiasi kiandikwe kwenye daftari. Chakula kikiiva, makaa yaliyobaki yahamishiwe kwa koleo kwenye kopo la bati lenye mfuniko: yanazimika kwa kukosa hewa, na kesho yanawaka tena. Kuyamwagia maji ni kutupa pesa.

Maharagwe ndiyo mtihani wenyewe. Yachambuliwe na kulowekwa usiku kucha, kwa muda wa saa nane hadi kumi na mbili, kisha maji yale yamwagwe. Asubuhi yachemshwe kwa maji mapya, mfuniko juu, moto mkali kwa dakika 10 za mwanzo bila kupunguza, halafu moto wa wastani mpaka nusu saa au dakika 40 zitimie. Hapo sufuria ihamie kwenye kikapu kilichojazwa matambara, ifunikwe juu na pembeni, na isifunguliwe kwa saa tatu au nne. Yanaendelea kuiva kwa joto lake. Akirudi kazini anayachemsha tena, anatia chumvi na kitunguu, anakula.

Kikapu kina sharti moja ambalo wengi hulisahau: sufuria iwe imejaa angalau robo tatu. Sufuria kubwa yenye maharagwe kidogo hupoa mapema, na kesho utaambiwa kikapu ni uongo. Ndiyo maana sufuria ndogo imo kwenye orodha.

Zile dakika 10 za moto mkali si mapambo. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko wa nguvu tu. Yakipikwa kwa moto wa uvuguvugu yanaweza kumtapisha na kumharisha mtu kuliko hata angeyala mabichi.

Magadi yanalainisha upesi, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini B1. Anayeloweka hayahitaji.

Tahadhari kubwa: sigiri isilale ndani. Katika muzigo wa chumba kimoja, mvua ikinyesha au baridi ikiingia, kishawishi cha kuliingiza jiko na kufunga mlango ni kikubwa. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na huua watu usingizini. Mweleze hivyo hivyo, bila kuzungusha maneno. Na mafuta ya taa yasimwagwe kamwe juu ya makaa yanayowaka.

Umefaulu ikiwa: amepika maharagwe yakaiva mara mbili mfululizo, na mara ya pili ametumia mkaa pungufu ya mara ya kwanza.

## Hatua ya 3: Sokoni, na pesa mkononi

Hapa usiwe na haraka. Nenda naye mara kadhaa, siku tofauti, saa tofauti.

Safari ya kwanza ni ya kuuliza bei tu. Aandike bei za vitu kumi kwa wauzaji watatu, na aandike pia kipimo: kilo, kikombe, fungu, kopo. Atagundua mwenyewe kwamba fungu la nyanya la mama huyu lina tano na la yule lina nne kubwa, na kwamba unga wa kupimiwa nusu kilo kila jioni, kwa mwezi mzima, humgharimu kuliko kununua kilo tano mara moja. Usimpe bei zilizochapwa mwaka jana. Bei hubadilika, naye anahitaji mazoea ya kuuliza.

Safari ya pili, mpe pesa ya siku mbili, wewe fuata nyuma. Kama wapo wawili, wape kiasi sawa na waachane. Wakirudi, wapange vitu vyao mezani na mhesabu: hizi ni sahani ngapi za chakula? Hakuna somo la darasani linaloshinda meza hiyo. Kilo moja ya maharagwe makavu ni sahani kama kumi za mtu mzima, ukihesabu gramu 100 kwa sahani. Pesa hiyo hiyo ikinunua soda na sambusa, ni mlo mmoja na kiu.

Mambo ya kumwonyesha akiwa mbele ya muuzaji:

Maharagwe. Aulize kama ni ya msimu huu. Yaliyokaa ghalani muda mrefu hayaivi upesi hata yakilowekwa, na hapo mkaa unakwenda. Katika maeneo yenye misimu miwili, mavuno huingia sokoni karibu na Juni na Julai, kisha Desemba na Januari. Wakati huo bei hushuka, na aliye na akiba anunue ya kutosha.

Karanga na unga. Hapa awe mkali. Karanga zilizosinyaa, zenye madoa, ukungu au uchungu azikatae, hata zikiwa za bei ya kutupwa. Ukungu huo huweza kuacha sumukuvu, ambayo hudhuru ini na haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Karanga zilizosagwa tayari ni za kununua kwa mtu unayemwamini tu, kwani zikishasagwa huoni kilichoingia. Unga nao aunuse kabla ya kulipa.

Mukene. Apendelee zilizoanikwa juu ya nyavu au vichanja. Zilizoanikwa chini zina mchanga, na meno yatamwambia. Ukiwa Jinja, mpeleke mwaloni Masese aone tofauti kwa macho. Mukene huliwa nzima na mifupa yake, kwa hiyo hutoa protini na kalisi kwa pesa ndogo. Kwa maoni yangu hakuna kitoweo kinachomfaa zaidi kijana anayeanza maisha: hahitaji friji, na ngumi moja inatosha sufuria.

Unga wa muhogo. Ajue anatoka wapi. Mihogo michungu isipolowekwa na kukaushwa inavyotakiwa hubaki na sumu ya sianidi. Septemba 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua na wawili wakafariki kwa sumu hiyo baada ya kula unga wa muhogo. Kama muuzaji hawezi kueleza unga ulikotoka, achukue wa mahindi.

Mboga na matunda. Dodo (mchicha), nakati (mboga nyingine ya majani), sukuma na nyanya hushuka bei jioni, mama anapotaka kwenda nyumbani. Salamu nzuri na kurudi kwa muuzaji yule yule huleta nyongeza. Mfundishe kuamkia, kuuliza habari za biashara, ndipo aombe kuongezewa. Vijana wengi waliokulia makaoni hawajui mazungumzo haya: ama wananyamaza na kulipa lolote, ama wanabishana kwa ukali. Ni stadi ya chakula sawa na kupika.

Umefaulu ikiwa: anarudi na chakula cha siku mbili ndani ya pesa aliyopewa, chenji ipo, daftari limeandikwa, na anaweza kueleza kwa nini alikataa kitu fulani.

## Hatua ya 4: Sufuria nne za kuanzia

Usimfundishe mapishi ishirini. Mfundishe manne mpaka ayapike bila kukuangalia usoni.

1. Posho ya mtu mmoja. Maji vikombe 2 vya robo lita, unga kikombe 1 na nusu hivi. Maji yachemke, unga uingie kidogo kidogo, asonge mpaka uache kushika sufuria, kisha afunike na kupunguza moto kwa dakika tano. Kosa la kawaida ni kuongeza unga, kisha maji, kisha unga tena, mpaka posho ya mmoja inakuwa ya wanne.

2. Maharagwe kwa njia ya Hatua ya 2. Kikombe kimoja cha maharagwe makavu kinatosha mchana na usiku wa siku hiyo hiyo. Mwishoni atie nyanya nyingi.

3. Mukene na karanga. Mukene zitolewe vichwa kama zina mchanga, zioshwe kwa maji ya moto mara mbili, zikaangwe kidogo na kitunguu na nyanya, kisha karanga zilizosagwa zikorogwe kwa maji na kumiminwa. Moto mdogo, mwiko usitoke, vinginevyo chini kunaungua. Dakika 15 na imekwisha.

4. Katogo. Matoke au muhogo mtamu, maharagwe yaliyoiva, nyanya, kitunguu, na konzi mbili za dodo mwishoni, vyote sufuria moja. Ni chakula cha siku ambayo amechoka, na siku za namna hiyo zitakuwa nyingi.

Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, ziingie mwisho, zipikwe muda mfupi, na supu yake iliwe. Wapishi wa makao huchemsha sukuma mpaka inageuka kijivu, na kijana amekua akidhani hiyo ndiyo rangi yake.

Tahadhari: mwonyeshe mara moja tu, kisha mikono yako iwe mgongoni. Walezi wengi, hasa akina mama wenye huruma, wakiona posho inashika mabonge wanachukua mwiko. Ukiuchukua, umepika wewe.

Umefaulu ikiwa: kila chakula amekipika mara tatu, cha mwisho bila swali, na sahani imetosha mtu mmoja bila kubaki zaidi ya matonge mawili.

## Hatua ya 5: Sasa lishe

Achana na bango la makundi matatu, analijua. Mpe mchezo wa kuhesabu. Watafiti wa lishe hugawa vyakula katika makundi 10: nafaka pamoja na mizizi na ndizi za kupika (hilo ni kundi moja), jamii ya maharagwe, karanga na mbegu, maziwa, nyama na samaki, mayai, majani ya kijani kilichokolea, matunda na mboga za rangi ya chungwa kama viazi lishe, karoti, papai na embe, mboga nyingine, na matunda mengine. Kipimo kilichowekwa kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 ni angalau makundi 5 kwa siku. Kilitengenezwa kwa tafiti za jamii nzima, si kumhukumu mtu mmoja, lakini kama lengo la daftarini kinafaa sana, hata kwa wavulana.

Posho, maharagwe, dodo, nyanya, chungwa moja: tayari ni matano, na hakuna nyama. Kijana akishaona hivyo, lile wazo kwamba kula vizuri ni kwa matajiri linaanza kulegea.

Kikomando usikitukane. Chapati iliyokatwakatwa na maharagwe ni nafaka na jamii ya maharagwe kwenye sahani moja, ina nguvu, na mfukoni haiumi. Kinachokosekana ni majani na tunda. Mwambie akinunua kikomando aende nacho nyumbani, atie kabichi na nyanya za kukata, ale na ndizi mbivu. Roleksi, chapati iliyoviringishwa na yai la kukaanga, ndivyo hivyo: ina yai, ina nyanya, na yai liive. Kijana anayeambiwa chakula cha barabarani ni uchafu atakula kwa kificho na kuacha kukuambia ukweli.

Vidokezo vitatu vinavyobadilisha mengi kwa gharama ndogo:

- Chai inyweke saa moja baada ya kula, isiende pamoja na maharagwe. Hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Limau, chungwa au nyanya hufanya kinyume chake. Kwa wasichana walio katika hedhi hili ni muhimu kupita yote.
- Viazi lishe na majani viliwe na mafuta kidogo au karanga, kwa sababu vitamini A huhitaji mafuta.
- Chumvi iwe ya pakiti yenye madini joto, ikae kwenye kopo lililofunikwa, iingie sufuriani mwishoni.

Kijana anayemeza dawa kila siku, aulize kliniki kama dozi yake inaendana na mlo, na ratiba yake ya kupika ipangwe kufuatana na jibu hilo. Zungumza naye peke yake, kamwe si mbele ya wenzake.

## Hatua ya 6: Maji, mikono na mabaki

Hii ni fupi. Mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula na baada ya chooni. Maji ya kunywa yachemke kabisa, yapoe yakiwa yamefunikwa. Maziwa ya kupimiwa yachemshwe. Nyama mbichi isishiriki ubao na mboga zisizopikwa.

Mabaki ndiyo yanayowaangusha, maana hakuna friji. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kikiwa vuguvugu. Maharagwe ya mchana yanayongoja usiku yachemshwe tena mpaka yatoe mapovu, yafunikwe, yasiguswe kwa kijiko kilichotoka mdomoni, na kabla ya kuliwa yachemke tena. Wali usilale. Vijidudu vyake huacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Tiba ya kweli ya mabaki ni kupima kabla ya kupika, na ndiyo kazi ya kile kikombe.

## Hatua ya 7: Wiki ya majaribio

Mengine yote yalikuwa maandalizi ya wiki hii. Mpe kijana chumba chake, hata kama ni stoo iliyosafishwa ndani ya uzio, pamoja na vifaa vyake na pesa ya chakula ya siku saba, kwa mkupuo. Mlango wa jiko la makao umefungwa kwake.

Pesa aigawe siku ya kwanza kabla ya kununua chochote, kwa mpangilio huu: kwanza vikavu vya wiki nzima (unga, maharagwe, mukene, chumvi, mafuta), pili mkaa, tatu pesa ya mboga na matunda kwa kila siku, nne kiasi kidogo kisichoguswa. Vikavu vinatangulia kwa sababu pesa iliyogeuka unga haikopwi na rafiki.

Kama atakuwa akilipwa kwa simu, mpe hata pesa ya majaribio kwa njia hiyo. Kila anapotoa kuna ada ya wakala, na juu yake kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa. Atoe mara moja anunue vikavu, badala ya kutoa vijisehemu kila jioni.

Pia awe na kopo la dharura: unga wa milo miwili, ngumi ya mukene, chumvi. Linafunguliwa pesa ikiisha tu, na linajazwa kabla ya kitu kingine pesa ikiingia.

Kila jioni kaeni dakika kumi na daftari. Nini kilipikwa, makundi mangapi, mkaa kiasi gani, pesa imebaki ngapi. Usikaripie. Uliza: kesho utabadilisha nini?

Mgeni. Panga makusudi siku moja wenzake wawili wamtembelee saa ya chakula. Maisha ya muzigo ndivyo yalivyo, na kijana aliyekulia kwenye bweni hajui kula peke yake, wala hajui kukataa. Adabu yetu haimruhusu kula mgeni akitazama, kwa hiyo mfundishe njia za katikati: kuongeza maji na dodo kwenye katogo, kumtuma mgeni akalete nyanya, au kukubaliana na marafiki kwamba Jumamosi ni zamu ya kupikiana na kila mtu anakuja na kitu. Wengi wanaofilisika wiki ya kwanza wamefilisiwa na upendo.

Tahadhari: akiishiwa siku ya tano, usikimbilie kumwokoa na usimwache alale njaa. Mwambie afungue kopo la dharura. Nalo likiisha, mpe chakula bila hotuba, maliza wiki, rudia baada ya wiki mbili. Njaa isiwe adhabu hata siku moja. Baadhi ya vijana hawa waliijua njaa kabla ya kukujua wewe. Ukikuta mkate chini ya godoro, usimfedheheshe, mpe kopo lenye mfuniko aweke akiba yake mahali safi.

Umefaulu ikiwa: siku saba zimeisha, amekula milo miwili au mitatu kila siku, makundi matano yamefikiwa katika siku nyingi, hana deni, na kopo la dharura limefungwa au limejazwa upya.

## Hatua ya 8: Gunia la dodo

Kama mwenye nyumba ataruhusu, ahame na gunia moja la udongo na mbolea, lililotobolewa pembeni. Dodo huanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Sukuma huchelewa zaidi, lakini hudumu akichuma majani ya chini tu. Kama hakuna nafasi, ruka hatua hii bila majuto.

## Hatua ya 9: Baada ya kuhama

Vifaa alivyojifunzia ahame navyo, pamoja na daftari lake na chakula kikavu cha wiki mbili. Siku ya kwanza nenda naye soko la mtaa mpya, si lile mlilozoea, na mtafute mama mmoja wa mboga na muuza duka mmoja wa kujuana nao. Mkubaliane pia kuhusu deni: kukopa dukani ni kwa ugonjwa tu, na kiasi kiandikwe kwenye daftari lake mwenyewe, si la muuzaji peke yake.

Mpigie simu kila wiki mwezi wa kwanza, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka miezi sita. Chagua katikati ya wiki, pesa zinapoanza kupungua. Usimwulize “umekula?” Atajibu “ndiyo, anti” hata akiwa na siku mbili bila moto. Uliza jana usiku alipika nini, mkaa umebaki kiasi gani, na kopo la dharura likoje. Akinyamaza, au akitaja chapati siku tatu mfululizo, nenda ukamwone na unga kilo mbili na konzi ya mukene, mpike katogo pamoja, kisha rudini kwenye daftari ukurasa wa pesa. Mara nyingi utakuta ni mkaa au mgeni.